KILICHO NA BEI HAKITUPWI
Somo la Kiteezi kwa wafanyabiashara, na kwa walinzi wa taifa

Mtu akiingia katika kantini ya kambi yoyote, iwe ya Makindye, ya Bombo au ya polisi Nsambya, ataona jambo ambalo sote tumelizoea hata hatulifikirii tena. Ifikapo saa ya kufunga, chupa za bia zote zimekwisha kurudi ndani ya kreti. Zimehesabiwa, na mwenye kantini hulala akijua idadi yake sawasawa, kama mlinzi wa ghala ajuavyo idadi ya bunduki zake. Ikivunjika moja, iko fedha ya kulipwa. Lakini chupa ya plastiki, iliyouzwa katika kantini hiyo hiyo, kwa askari huyo huyo, jioni hiyo hiyo, hutupwa dirishani au mtaroni, na hakuna anayeiulizia.

Tusiseme kwamba askari huyo ni mstaarabu anapokunywa bia na kwamba ni mshenzi anapokunywa maji. Mtu ni mmoja. Tofauti ni kwamba chupa ya kioo ina mwenyewe anayeitaka irudi, naye ameitia bei; ile ya plastiki haina mwenyewe tangu dakika ilipokwisha kulipiwa. Katika tofauti hiyo ndogo imo sababu kubwa ya uchafu wa mji wetu wa Kampala, na dawa yake pia imo humo.

Ndugu zetu wa majeshi na wa polisi hawahitaji kuelezwa kwa urefu madhara ya uchafu huo. Wako miongoni mwao waliouona kwa macho. Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, kilima cha taka cha Kiteezi, wilayani Wakiso, kiliporomoka juu ya nyumba za watu. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha, na wengine wengi walibaki bila makao. Polisi, askari wa jeshi na watumishi wa Msalaba Mwekundu walifukua siku baada ya siku, kwa mashine na kwa mikono, wakitafuta binadamu ndani ya taka. Kazi ya namna hiyo haisahauliki upesi na aliyeifanya.

Jaa lile lilifunguliwa mwaka 1996, katika eneo la ekari 36 hivi. Lilikwisha kujaa miaka kadhaa kabla ya kuporomoka, lakini malori yaliendelea kupanda juu yake kila siku. Baada ya msiba, wakuu wa jiji waliondolewa kazini na baadhi yao wakafikishwa mahakamani. Hilo ni la mahakama, nasi hatuna la kuongeza. Ila yafaa tuulize swali ambalo halikuulizwa sana: vitu vile vilifikaje Kiteezi? Chupa, makopo, mifuko ya buveera, maboksi, maganda kutoka sokoni na mabaki ya mahoteli, vyote hivyo vilipita kwanza mikononi mwa mfanyabiashara. Aliviuza, au alivitumia katika kuuza, akapata faida yake, kisha akauachia umma mzigo wa kuvizika. Meneja wa jiji anaweza kubadilishwa kwa barua moja. Desturi hii ya biashara haibadilishwi kwa barua.

Inakadiriwa kwamba Kampala huzaa taka tani 2,500 hivi kila siku, na si zote zinazozolewa. Kama lori moja huchukua tani 10, hayo ni malori 250 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Hakuna shimo litakalostahimili msafara kama huo. Kuchimba jaa jingine mbali zaidi ni kuhamisha msiba kutoka wilaya moja hadi nyingine.

Katwe ilianza zamani

Wataalamu wa leo wana jina la dawa ninayoisema: huiita uchumi wa mzunguko. Maana yake ni kwamba kitu kikiisha kazi yake ya kwanza kisitupwe, bali kirudi kazini, ama chenyewe, ama kwa kutengenezwa upya, ama kwa kuwa malighafi ya kitu kingine. Jina ni geni, lakini kazi yenyewe si ngeni kwetu hata kidogo.

Baada ya mwaka 1972, wafanyabiashara wa Kiasia walipofukuzwa nchini, vipuri na bidhaa za dukani viliadimika. Mafundi wa Katwe na Kisenyi hawakukaa wakilia. Walichukua mabati ya mapipa wakatengeneza sigiri. Walichukua alumini kuukuu wakaiyeyusha wakapata sufuria. Walichonga vipuri ambavyo hapo awali vililetwa kwa meli. Tairi iliyokwisha barabarani iligeuka kandambili za lugabire, ambazo mpaka leo hudumu kuliko kiatu cha duka. Hata sasa, anayepita Katwe asubuhi husikia nyundo kabla hajaona fundi, na karibu kila kinachogongwa pale kiliwahi kuwa kitu kingine.

Basi jambo la kusikitisha ni kwamba tulilijua hili katika dhiki, tukalisahau tulipopata nafuu. Bidhaa rahisi zilipojaa madukani, tukaona kwamba kurudia kitu ni dalili ya umaskini. Wahenga walituonya zamani: usitupe mbachao kwa msala upitao.

Viwanda vikubwa havikusahau

Iwapo mtu anadhani kwamba habari hii ni ya mafundi wadogo tu, na atazame viwanda vikubwa vya nchi hii. Kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, hubaki na marundo ya makapi ya miwa baada ya kukamua. Makapi hayo huchomwa kwa kupata mvuke na umeme. Mitambo yake ina uwezo wa megawati zaidi ya 50, na umeme unaozidi mahitaji ya kiwanda huuzwa katika gridi ya taifa. Molasi nayo hutengenezwa spiriti. Kiwanda cha saruji cha Hima, huko Kasese, kimetumia maganda ya kahawa kama kuni za tanuri lake. Viwanda vya bia huuza machicha ya nafaka kwa wafugaji wa ng'ombe na nguruwe. Vyuma vikuukuu vya nchi nzima huyeyushwa vikawa nondo za kujengea.

Matajiri hao hawakufanya hivyo kwa huruma peke yake. Walipiga hesabu. Waliona kwamba kila gunia la makapi lililokaa uani lilikuwa limenunuliwa kama muwa, likabebwa kama muwa, likalipiwa kodi na mshahara. Kulitupa ni kulilipia mara ya pili. Mwenye duka la Wandegeya au mwenye hoteli ya Kabalagala naye hulipia taka zake mara mbili, ila yeye hajaziandika. Ndiyo maana husemwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Njia ya mfanyabiashara wa kawaida

Mfanyabiashara wa kawaida aanzeje? Sioni haja ya mitambo wala ya mkopo mkubwa katika hatua za kwanza. Nazitaja tatu.

Hatua ya kwanza ni kupima. Kwa muda wa wiki moja, mwenye biashara aandike kila siku anachotupa na kiasi chake: maganda magunia mangapi, maboksi mangapi, chupa ngapi, chakula kilichobaki ndoo ngapi. Mkahawa unaotupa magunia matano ya maganda ya matoke kwa siku unatupa magunia 150 kwa mwezi. Mwenye mkahawa akiiona hesabu hiyo kwa maandishi, hatahitaji mhubiri. Huenda akagundua pia kwamba chakula kinachobaki katika sahani ni kingi kwa sababu anapika kuliko wateja alionao, na faida ya kwanza itakuwa kupunguza sufuria, kabla hata hajatafuta mnunuzi wa mabaki.

Hatua ya pili ni kutenganisha, na mahali pa kutenganisha ni pale pale taka inapozaliwa. Maganda makavu na safi ni chakula cha mbuzi. Maganda yale yale yakichanganywa na vioo, betri na buveera ni sumu. Karatasi kavu ina mnunuzi. Karatasi iliyolowa mchuzi haina. Mapipa mawili, moja la vitu vibichi vinavyooza na moja la vitu vikavu, yanatosha kuanzia. Sehemu iliyo kubwa zaidi ya taka za Kampala ni hizo zinazooza. Zikitengwa, mzigo wa malori utapungua mara moja kuliko kwa hatua nyingine yoyote.

Hatua ya tatu ni kumtafuta jirani anayekihitaji unachokitupa. Vumbi la mbao na maganda ya kahawa hutandikwa katika mabanda ya kuku, kisha huenda shambani yakiwa mbolea. Maganda ya matoke hulisha ng'ombe na mbuzi, au hukaushwa na kuchomwa na kutengenezwa makaa ya kupikia. Mabaki ya jikoni yanaweza kuwa mboji, kama ilivyojaribiwa katika mradi wa NEMA katika miji ya Mukono, Jinja, Mbale, Fort Portal na mingineyo. Yuko pia mdudu ambaye nadhani wasomaji wa ukurasa huu watampenda kwa jina lake: wataalamu humwita nzi askari mweusi. Funza wake hula mabaki ya jikoni kwa pupa, na kwa muda wa wiki mbili hivi hunenepa wakawa chakula bora cha kuku na samaki. Naye mwenyewe hana tabia ya nzi wa nyumbani ya kuja kutua juu ya sahani. Ameanza kufugwa hapa Uganda, na hula posho ya kambini bila kunung'unika.

Baada ya hatua hizo tatu, iko ya nne, nayo ni ya wenye viwanda: kukitia bei kinachorudi. Kampuni zinazouza maji katika madumu makubwa ya ofisini huyachukua madumu matupu zikayajaza tena. Basi kwa nini chupa ndogo iwe yatima? Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 imekwisha kufungua mlango wa kumfanya mtengenezaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kuiuza. Kenya nayo ilitunga sheria yake ya usimamizi wa taka mwaka 2022 kwa shabaha hiyo hiyo. Mtengenezaji akilazimika kuipokea chupa yake, ataitia bei, na ikitiwa bei, watoto wa mitaani wataiokota kabla haijafika mtaroni.

Hoja ya wezi, na hoja ya sumu

Najua kwamba ofisa wa polisi anayesoma maneno haya ana swali lake tayari, nalo ni swali la haki. Biashara ya vyuma vikuukuu imeleta wizi. Nguzo za umeme zimekatwa vyuma, nyaya zimeibwa, vifuniko vya mitaro vimetoweka, na wananchi wamekaa gizani kwa ajili ya kilo chache za chuma. Hapa Uganda Sheria ya Umeme ilirekebishwa mwaka 2022, adhabu ya uharibifu huo ikaongezwa. Mwezi Januari mwaka huo huo, Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma vikuukuu baada ya nguzo kuangushwa na nchi kukosa umeme. Biashara ikafunguliwa tena mwezi Mei chini ya masharti mapya.

Funzo la Kenya ni wazi. Kufunga biashara nzima kuliwaadhibu maelfu ya waokotaji na mafundi waaminifu pamoja na wezi wachache, na ndiyo maana hakukudumu. Dawa ni kitabu. Kila mwenye mizani ya vyuma aandikishwe. Kila anayemletea mzigo aandikwe jina na namba ya kitambulisho. Na vitu vya umma, kama waya wa umeme na vyuma vya nguzo na reli, visipokelewe bila hati. Askari wa kituo atembelee mizani hizo mara kwa mara, kwa kukagua kitabu na si kwa kuomba chai. Mwizi hawezi kula nyaya, lazima auze. Mnunuzi wake akibanwa, wizi utakosa soko.

Iko pia hoja ya sumu. Si kila kitu cha kurudiwa kinafaa kurudiwa uani. Betri ya gari ina risasi na asidi, na anayeivunja karibu na watoto anawadhuru ubongo wao. Oli chafu ya injini ikimwagwa mtaroni huteremka hadi Ziwa Nalubaale, tunakopata maji ya kunywa. Plastiki ikichomwa hutoa moshi mbaya. Vitu hivyo virudi kwa wenye viwanda na vibali, na gereji isiyoweza kuonyesha inakopeleka oli yake iulizwe.

Wajibu wa kambi

Sasa nasema na wasomaji wenyewe, kwa heshima. Majeshi na polisi si watazamaji katika jambo hili, kwa kuwa wao ni wanunuzi wakubwa. Posho, maharagwe, viatu, matairi, betri, maji: vyote hununuliwa kwa wingi na kwa mkataba. Mkataba ukisema kwamba muuzaji wa matairi atachukua makuukuu, na muuzaji wa betri vivyo hivyo, atatii, kwa maana hakuna mfanyabiashara anayependa kupoteza mteja wa namna hiyo. Shirika la Jeshi, NEC, lililoundwa mwaka 1989, lina maji yake ya chupa yaitwayo Uzima. Lingekuwa jambo la kujivunia iwapo chupa hizo zingekuwa za kwanza nchini kurudi zilikotoka, kwa hesabu ileile ya kreti za bia.

Kambini nako wako wake zetu na waume zetu wenye vibanda, mikahawa, vyerehani na mabanda ya kuku. Wengi hukopa katika chama cha Wazalendo cha wanajeshi, au katika Exodus cha polisi. Mkopo wa kufuga kuku kwa mabaki ya jiko la kambi ni mkopo wenye dhamana kila siku, kwa kuwa jiko la kambi halifungwi. Askari anayekaribia kustaafu, ambaye hana ardhi kubwa mjini, angefikiri sana juu ya biashara za namna hii kabla ya kutia kiinua mgongo chake chote katika bodaboda.

Mwisho uko wajibu wa sheria, nao ni mzito. Mifuko ya buveera iliyo chini ya mikroni 30 ilipigwa marufuku katika sheria ya fedha ya mwaka 2009, na sheria ya mwaka 2019 ikarudia. Rwanda ilipiga marufuku yake mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019, na huko mtu huiona tofauti barabarani. Kwetu buveera bado hupeperuka. Sababu moja ni kwamba mara nyingi tumemkamata mama wa nyanya, aliyenunua mifuko ya shilingi chache, tukamwachia aliyeitengeneza kwa tani. Hiyo si haki, na wananchi wanaiona. Mama huyo hana kiwanda wala hana mwanasheria. Polisi wa mazingira wakianzia kwenye lango la kiwanda na kwenye ghala la mwagizaji, hawatahitaji kumnyang'anya mama beseni lake.

Wala tusiwasahau waokotaji waliokuwa wakiishi kwa kilima cha Kiteezi. Kabla ya wataalamu kuja, wao ndio waliokuwa wakitenganisha chuma na plastiki kwa mikono mitupu. Mpango wowote wa mzunguko utakaowaacha nje utakuwa umewanyang'anya wanyonge kazi yao kwa jina la usafi. Waandikishwe, wapewe glavu na viatu, wapewe njia zao za kukusanya.

Kwa hiyo basi, ningependa kila mkuu wa kambi na kila mkuu wa kituo afanye jambo moja mwezi huu: apime taka za kambi yake kwa siku saba, aandike, na abandike hesabu hiyo mahali ambapo watu wote wataiona. Kisha aulize katika gwaride: katika haya, yapi yana mwenyewe? Jibu litatofautiana toka kambi hadi kambi, lakini kazi itakuwa imeanza. Mvua za Kampala hazitangoja mipango yetu, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Askari wetu wako tayari siku zote kuitwa wakati wa msiba, lakini ni aibu kwetu sisi raia kuwaita mara ya pili kufukua ndugu zetu chini ya vitu ambavyo tungeweza kuviuza.